Mulima Ndani ya Kalenda

Mwaka wa 1974 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikufa kwa homa siku ya Jumanne, na wiki iliyofuata mama akaniambia: «Hii kaptula ya shule, mupe mudogo wako.» Shida ilianza siku hiyo na shule ikaishia hapo hapo, mwaka wa nne wa primeri. Nasema mapema ili muntu asinikatize katikati kuniuliza diplome yangu iko wapi. Haiko. Kila nilicho nacho nilikipata kwa mikono na kwa kinywa.

Ninyi vijana mlioniomba niandike hamkutaka habari za mikono. Nimetengeneza redio miaka mingi, na telefone miaka mingi tena, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza namna ya kuchomelea waya bila kuchoma kidole. Mliniuliza neno moja tu: «Muzee Bitondo, batu wakigombana juu ya kodi, weye ulikuwa unafanya je?» Haya, nitawaambia. Nikirukaruka miaka mnivumilie. Kichwa changu hakishiki tarehe, kinashika watu.

Kwanza kwa wale wasioijua kazi yenyewe. Telefone inafuata maagizo yaliyoandikwa, na maagizo hayo ndiyo kodi, siyo ile ya serikali. Programu nyingi zimefungwa kama sanduku la mfanyabiashara, huoni ndani. Yetu ilikuwa ya wazi. Kila muntu, akiwa Uvira ama upande wa pili wa dunia, anaweza kusoma maagizo yote, kuyanakili, na kuleta badiliko lake: hapa mumekosea, mimi nimeandika hivi. Badiliko haliingii lenyewe. Kuna mulinzi mwenye ufunguo, yaani neno la siri. Akikubali, linaingia katika telefone zote. Akikataa, aliyelileta ananuna. Na akinuna sana, ana haki ya kunakili programu nzima na kwenda kuanzisha yake pembeni. Haiko wizi, na hakuna polisi wa kumzuia. Utamu wa programu ya wazi ni huo, na pilipili yake ni hiyo hiyo.

Programu yetu iliitwa Giza. Wavuvi wa kwetu wanavua ndagala, yaani dagaa, kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Kwa hiyo kuna siku za giza, za kutoka kwenda ziwani, na siku za mwangaza, za kupumzika na kushona nyavu. Wazee wanahesabu tangu jioni ile mwezi mchanga unapoonekana. Kila pwani ina kamati yake inayotangaza siku ya kutoka, na ukitoka kabla ya siku, kamati inachukua wavu wako. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini jaribu kuivunja. Giza ilikuwa kalenda ndani ya telefone: leo pumzika, kesho toka. Hayo tu.

Waliiandika watu wawili, juu ya meza yangu. Furaha, binti wa mtaa wetu wa Songo hapa Uvira, alikuwa amesoma yunivasite miaka miwili na ulimi wake ulikuwa wembe uliotoka kwenye karatasi sasa hivi. Kashindi alikuwa wa Makobola, pwani ya kusini kwetu, baba yake ndiye mukubwa wa kamati ya pwani kule, na kodi alijifunza peke yake kwa telefone yenye kioo kilichopasuka. Walikuja kwangu kwa sababu nilikuwa na panno za kuvuta umeme wa jua na ordinatere mbili, yaani kompyuta. Waliheshimiana sana na hawakuaminiana hata kidogo. Kazi ilipokwisha, ufunguo ashike nani? Furaha akasema: «Tumupe Papa Bitondo. Yeye hawezi kuiba kodi, hajue hata kuisoma.» Wakacheka. Minye, ndiye mimi, nikapokea. Tusi likiwa na ufunguo ndani, pokea.

Basi muntu wa mwaka wa nne akawa mulinzi wa programu iliyopokea mabadiliko kutoka Bujumbura, Kalemie, Kigoma, na kwa watu wa Ulaya ambao hawajawahi kuona ndagala hata kwenye sahani. Nilikaa na ufunguo huo miaka tisa.

Nilianza vibaya. Mwezi wa kwanza muntu mmoja aliniandikia: «Bwana Président, nimepamba programu yenu.» Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita Président. Nikakubali kabla sijamaliza kusoma. Kesho yake kila kitu kilikuwa kijani juu ya kijani, na kwenye jua la saa sita wavuvi hawakuona hata tarehe. Mama mmoja akasimama mlangoni kwangu na telefone mkononi. «Papa, hizi ni siku ama ni majani ya sombe?»

Kuanzia siku hiyo nikawa nabandika plasta ya kidonda juu ya kioo cha ordinatere, mahali jina la mleta badiliko linapotokea. Nilisikiliza badiliko kwanza, jina nikalibandua baadaye. Kioo kile mpaka leo kina gundi ambayo hata petroli imeshindwa.

Jambo la pili lilitoka katika ujinga wangu, na ninajivunia. Kwa kuwa sikujua kusoma kodi, nilimlazimisha kila muntu anieleze kwa maneno. «Nieleze kama unaeleza muntu anayeshona wavu na hana nafasi ya kuinua kichwa.» Nusu ya mabadiliko yalifia hapo. Muntu anaanza vizuri, anafika katikati, anasema: «Papa, ngoja kidogo.» Halafu kimya siku tatu. Kosa lake amelisikia kwa masikio yake mwenyewe, minye sikusema kitu. Kijana mwenye diplome haombi maelezo, anaogopa kuonekana hajui. Minye nilikuwa nimeshaonekana zamani.

Na mjihadhari na wingi wa makelele. Kuna mwaka watu watatu walipinga badiliko moja dogo, kila siku, kwa hasira. Nikasema basi, watatu ni wengi. Mke wangu, Mama Neema, akasoma juu ya bega langu. «Hawa batatu iko ndugu?» «Kwa nini?» «Bote banakuita mbuzi ya mvua.» Nikatazama tena. Watu watatu, tusi moja. Alikuwa muntu mmoja mwenye majina matatu. Nilimjibu barua moja, nikamwambia asalimie wenzake wawili.

Lakini ufundi wenyewe wa kuamua ugomvi sikuupata kwenye mashine. Nilifundishwa na Mama Zawadi, muuzaji wa ndagala, Mungu amuweke pema. Zamani za redio kibanda changu kilikuwa nyuma ya mchanga ambapo wanawake wanaanika samaki. Kila mmoja ana kipande chake, na mpaka ni mawe. Asubuhi unasikia: «Nani amesogeza jiwe langu?» Na pale matusi yanaanza, ya mama, ya bibi, ya mpaka wale waliozikwa. Mama Zawadi alikuwa anakuja polepole, beseni kichwani, anauliza swali moja.

«Samaki iko juu ya mchanga?»

«Iko, Mama, lakini huyu mwizi…»

«Basi jiwe likae pale liko. Tutaongea samaki ikishakauka.»

Nilimuuliza siku moja, kwa nini asirudishe jiwe mara moja, ikiwa kosa linaonekana? Akanitazama kama redio isiyo na betri. «Weye ukirudisha jiwe na samaki iko juu, unazoa samaki na mchanga. Asubuhi ulikuwa na kosa moja. Sasa uko na mawili, na ya pili ni yako.»

Samaki ikishakauka, aliwafanyia jambo lingine. Kutoka pwani mpaka barabarani kuna mpando. Kila mgomvi alibeba beseni ya mwenzake mpaka juu. Walipofika, jasho linatiririka, anamuuliza yule aliyesema jirani yake ana samaki kidogo na hahitaji nafasi: «Sasa sema. Beseni yake iko nyepesi?» Sijawahi kusikia muntu akijibu «nyepesi».

Sasa nifike kwenye ugomvi ulionitoa jasho minye.

Giza ya zamani ilikuwa hivi: Muzee Lubunga, baba yake Kashindi, akiona mwezi mchanga kule Makobola anamwambia mwanawe, Kashindi anaandika siku, telefone zote zinapata. Furaha hakupenda. Akaniletea badiliko lake na maelezo mazuri kabisa. «Papa, Muzee Lubunga akiugua, ziwa zima halina kalenda. Mwezi haubahatishi. Unaweza kuuhesabu leo mpaka miaka mia inayokuja. Nimeandika hesabu. Hatutamungojea tena muntu.» Nilisikiliza nikaona ni kweli. Na ilikuwa kweli, nusu yake.

Tulikuwa na desturi: badiliko kubwa linangoja mpaka wote wawili wameliona. Kashindi alikuwa kwenye matanga ya mjomba wake, huko hakuna koneksio ya telefone. Siku nne nikangoja. Ya tano nikakubali. Plasta yangu haikunisaidia kitu, kwa sababu safari hii hakuna aliyenidanganya kwa jina. Nilikuwa na haraka tu, na nilipenda kuonekana muzee wa kisasa.

Mwezi uliofuata telefone zikasema: Alhamisi toka. Kamati ya Makobola ikasema: Ijumaa. Papa Riziki, muvuvi wa Songo, muntu mpole mwenye wavu mmoja tu duniani, aliamini telefone. Alitoka Alhamisi na watu wake, wakashuka mpaka maji ya Makobola, na kamati ikamuchukulia wavu. Akaja kwangu na mikono mitupu, hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akasema: «Papa Bitondo, telefone yako imekula wavu wangu.» Ni afadhali angenipiga kofi.

Nyuma yake akaingia Kashindi, na vumbi la barabara ya Fizi mpaka kwenye nyusi.

«Papa, nani aliingiza hii kitu?»

«Minye.»

«Bila kuniuliza?»

«Koneksio yako ilikuwa imekufa.»

«Koneksio ilikufa, minye nilikufa?»

Furaha alikuwa kwenye ordinatere ya pili. Hakugeuka. «Hesabu iko sawa, Kashindi. Niliirudia mara sita. Mwezi hauna kamati. Ni baba yako ndiye anachelewa.»

«Baba yangu anaona na macho!»

«Basi tumununulie malunete ya macho.»

«Rudia hilo neno.»

«Ma-lu-ne-te.»

Nikasimama katikati na mwili wangu huu, unaotosha. Kashindi akanielekea minye. «Papa, rudisha ya zamani leo hii. Usiporudisha, nanakili Giza yote naenda nayo Makobola. Mubaki na yenu hapa Songo na hesabu yenu.»

Hilo halikuwa tisho la mtoto. Alikuwa na haki hiyo, na pwani zote za kusini zingemfuata kwa sababu ya baba yake. Kalenda mbili juu ya ziwa moja. Kila mwezi Songo wangetoka siku ambayo Makobola wanapumzika, kila mwezi nyavu zingechukuliwa pande zote mbili, na nyavu zikiisha watu wangeanza kuchukuliana mitumbwi, na baada ya mitumbwi sitaki kusema.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo. Nirudishe, niombe radhi, yaishe. Hapo nikamsikia Mama Zawadi sikioni kabisa. Pwani nyingi zilikuwa zimeshaanza kuhesabu giza la mwezi ule kwa hesabu ya Furaha. Watu walikuwa ziwani. Ningeirudisha katikati, wengine wangerudi siku moja na wengine siku nyingine, na kosa la pili lingekuwa langu tena.

«Samaki iko juu,» nikasema.

Wakanitazama wote watatu. Papa Riziki akauliza polepole: «Samaki gani?»

Nikawaeleza mawe ya Mama Zawadi. Halafu nikatuma tangazo katika telefone zote: siku za mwezi huu zinabaki zilivyo, pwani ikisema tofauti, fuata pwani, kosa ni la mulinzi, anaitwa Bitondo. Kashindi nikamuomba angoje mpaka giza hilo liishe. Akakubali kwa mguno ambao hata mbwa wangu aliuelewa.

«Na hamtakaa bure,» nikaongeza. «Kila mmoja atabeba beseni ya mwenzake. Furaha, weye utaandika namna wazee wa Makobola wanavyohesabu, mpaka Kashindi aseme ndiyo hiyo. Kashindi, weye utaandika kwa nini hesabu inahitajika, mpaka Furaha aseme ndiyo hiyo.»

«Papa, hii ni adhabu?» Furaha akauliza.

«Ni kazi. Adhabu ningekupa kuifanya bila telefone.»

Furaha alipanda pikipiki akaenda Makobola, uso umekunjwa kama karatasi ya chumvi. Muzee Lubunga alimpokea vizuri, akamkalisha pwani jioni ya mwezi mchanga, migongo yao kwenye ziwa, macho yao kwenye jua linapozama. Telefone ya Furaha ikasema mwezi umeshaonekana.

«Iko wapi?» Muzee akauliza.

«Iko pale, Muzee. Iko nyuma ya…»

Baada ya dakika moja telefone yangu ikalia.

«Papa! Mulima!»

«Mulima gani?»

«Wetu! Umekaa juu ya mwezi!»

Sikilizeni vizuri, kwa sababu ugomvi wote ulikuwa hapo. Mwezi mchanga unatokea magharibi, chini kabisa, jua likishazama. Na magharibi yetu sisi ni mulima, umesimama nyuma ya nyumba zetu kama ukuta. Watu wa Bujumbura wako ng'ambo, wanauona mulima wetu kwa mbali na mfupi, na mwezi juu yake. Sisi tuliolala kwenye miguu yake tunangoja jioni ya pili, mwezi upande kidogo ndipo uchungulie. Hesabu ya Furaha ilikuwa sawa kwa nchi iliyo bapa kama meza. Muzee Lubunga alikuwa sawa kwa Makobola. Binti huyu amezaliwa chini ya mulima ule, ameuona kila asubuhi ya maisha yake, na ndiyo maana hakuuweka ndani ya hesabu. Nisimcheke sana. Minye nimeishi chini yake kumpita yeye na sikuuweka pia.

Kashindi aliposikia alikuja kibandani anacheza. «Niliwaambia! Baba yangu! Macho!»

«Beseni yako iko wapi?» nikamuuliza.

Hakuwa ameandika hata mstari mmoja.

«Nenda ukabebe.»

Akaenda kwa baba yake, kwa sababu hakujua aanzie wapi. Akamuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza tangu utotoni: mvua ikinyesha wiki nzima na mawingu yakifunika mulima wote, unaonaje mwezi? Muzee akasema, naona. Unaonaje, baba? Nina uzoefu. Uzoefu gani, baba? Mwishowe Muzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema: «Napiga telefone Katogota.»

Ana shemeji yake kule, mulimaji wa uwanda wa Ruzizi, ambako mbingu iko wazi kidogo kuliko kwetu. Anamuuliza: umeuona? Shemeji akisema nimeuona leo, Muzee anaongeza siku moja, anatangaza.

«Na Katogota ikiwa na mawingu nayo?»

«Nahesabu.»

«Unahesabu je?»

«Kama huyo binti wa Songo,» Muzee akasema, «lakini kwa vidole.»

Kashindi alirudi hachezi tena. Alikaa, akaandika ukurasa mzima wa kutetea hesabu, mzuri kupita ule wa Furaha mwenyewe. Furaha akausoma huku mabega yanatetemeka.

«Furaha, usiseme kitu,» nikamuonya.

«Sisemi, Papa. Nacheka tu.»

«Cheka,» Kashindi akasema. «Lakini malunete ulisema.»

«Malunete nimeyafuta. Muzee wako ni ordinatere.»

Baada ya hapo kazi ilikwenda yenyewe. Hesabu ibaki, na kila pwani iweke mulima wake ndani. Mulima unapimwaje bila chombo? Kashindi alijua, alifundishwa na baba yake: simama pwani, nyosha mkono mbele, kunja ngumi, hesabu ngumi ngapi kutoka usawa wa macho mpaka kilele. Makobola ikatuma ngumi moja na nusu. Songo, ngumi moja na vidole viwili. Kigoma wakatuma: kidole kimoja, na hicho kimoja ni mulima wenu, mutuondolee.

Muzungu mmoja mwenye kutusaidia kodi akapinga. Akaandika barua ndefu: ngumi haiko kipimo, ngumi ya nani, ya mtoto ama ya muntu mukubwa? Safari hii nilijibu mwenyewe, bila kuuliza muntu: «Mwenye ngumi ndogo ana mkono mfupi, ngumi yake inakaa karibu na jicho. Mwenye mkono mrefu ana ngumi kubwa, inakaa mbali. Pima na watoto wako.» Akapima na watoto wake watatu kwenye ukuta wa nyumba. Kesho yake akaandika neno moja: «Ingizeni.» Siku hiyo nilinunua mikate ya watu wote.

Na neno la kamati tukaliweka juu ya yote. Pwani ikitangaza siku yake, telefone inafuata pwani na inaandika sababu. Furaha mwenyewe ndiye aliyesema liwe hivyo. Kashindi ndiye aliyebisha. Nilitoka nje nikawaacha.

Ulibaki wavu wa Papa Riziki. Hapo hakuna kodi ya kuandika, kuna miguu ya kwenda. Nilivaa koti, nikaenda naye Makobola, na Furaha na Kashindi nyuma. Kamati ilikuwa imekaa pwani, wavu umerundikwa mbele yao. Nikasimama.

«Nimekuja kwa ajili ya huu wavu. Papa Riziki hakuvunja sheria. Alifuata kalenda yangu, na kalenda yangu ilikosea kwa sababu sikumungoja Kashindi. Kosa ni langu. Kama munachukua kitu, muchukue changu.»

Muzee Lubunga akanipima kutoka viatu mpaka kofia. «Weye ndiye mwenye ufunguo?»

«Ni minye.»

«Na nasikia hiyo kodi haujue kuisoma.»

«Sasa najua kidogo.»

«Basi ziwa zima lilikuwa linaongozwa na kipofu.»

Ningenyamaza, kwa sababu nilikuja kuomba. Lakini minye sikulelewa hivyo. «Kipofu mwenzako, Muzee. Weye mwezi unauona kwa telefone ya Katogota.»

Kashindi akaangalia mchanga kama anatafuta sarafu. Kamati nzima ikageuka kumtazama mukubwa wao, maana siri hiyo hawakuijua. Nikajisemea, Bitondo, umeuzika wavu, na kalenda, na kijana wa watu. Halafu tumbo la Muzee likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi asianguke, na kamati nayo ikacheka, kwa woga kwanza, baadaye kweli.

«Mupeni wavu wake,» akasema. «Na huyu kipofu atalipa jerikani moja ya kasiksi.»

Nikalipa pombe hiyo ya ndizi, na sehemu kubwa niliinywa minye. Papa Riziki alibeba wavu wake begani, hakukubali muntu amusaidie. «Umekaa bila kazi siku hizi zote,» akauambia wavu, «angalia, umenenepa.» Mwezi uliofuata pwani za Songo, Kalundu na Makobola zilitoka jioni moja, na hakuna wavu uliochukuliwa.

Ninyi mnaosoma, msidhani Kashindi aliacha tisho lake. Alinakili Giza yote kweli kweli. Iko kwa baba yake ndani ya kopo la maziwa, kwenye kadi ya telefone, kidude kidogo kama ukucha. Anasema ni ya siku ambayo tutakuwa wapumbavu tena. Sikumzuia na ninyi msimzuie muntu wa namna hiyo. Kwa sababu anaweza kuondoka, ilibidi tumsikilize. Na kwa sababu sisi tungeweza kubaki bila yeye, ilibidi naye asikilize. Mlango ukifungwa kwa nguvu, wote mliobaki ndani mnaanza kunuka.

Baada ya hapo nikabadilisha sheria ya ufunguo. Badiliko lenye ugomvi haliingii mpaka Furaha na Kashindi wote wamekubali, na minye siweki kidole. Mwaka uliofuata niliwaachia kila kitu. Wanaendelea kugombana. Majuzi nilipita nikasikia kelele mpaka barabarani, nikasimama dirishani. Furaha alikuwa anatetea wazo la Kashindi, Kashindi anatetea la Furaha, na kila mmoja anamkasirikia mwenzake kwa kulitetea vibaya. Nikaenda zangu nyumbani kula.

Leo nina miaka sitini na miwili. Nina nyumba ya matofali Songo, vyumba vinne, bati haivuji isipokuwa jikoni. Mke mmoja. Watoto sita, wote wamenipita shule, wawili wamenipita na maneno. Mbuzi saba, mmoja ana mimba. Michikichi kumi na minne. Panno mbili za jua, ya tatu iliibwa. Ordinatere moja, herufi M haishuki mpaka uipige. Ufunguo wa Giza sina. Meza moja ndefu. Viti kumi na viwili vya plastiki kwa ajili ya watu wanaokuja na ugomvi wao. Kimoja kimevunjika mguu, hicho nakaa minye.